Banda la mpira la Mwaloni lililoniachia tufe mpaka mtupo wa mwisho

Sisi wa Mwanza tunaopenda riadha shida yetu tunaijua wenyewe. Mpira utaupata kila kona kuanzia Nyegezi mpaka Igoma, hata kwa kinyozi kuna mpira, ila we mwambie mtu akuwekee fainali ya kurusha tufe uone anavyokuangalia mara mbili. Kwa iyo naandika hapa kuhusu banda moja la mabati ya bluu pale Mwaloni Kirumba, upande wa wauza dagaa, ukiuliza banda la mama mwenye tivii mbili utaonyeshwa. Nimeshaenda mara nyingi ila siku ninayotaka kuisema ni Jumamosi ile ya tarehe 13 Septemba 2025, siku ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha kule Tokyo, fainali ya tufe wanaume.

Mi tufe nimelirusha. Sio sana, nilirusha shuleni mpaka nikafika UMISSETA ngazi ya mkoa alafu basi, lakini mtu akishawahi kulishika lile chuma likamkalia shingoni chini ya taya, likiwa la baridi asubuhi na mkono una vumbi la chaki, haachi kulifuatilia maisha yake yote. Wengine wana Simba na Yanga, mi nina tufe.

Sasa kabla ya banda niseme kidogo kwa nini nililitafuta. Mwaka 2019 mashindano yalikuwa Doha, na Doha saa zao ni sawasawa na zetu, fainali ikawa Jumamosi ya tarehe 5 Oktoba saa mbili usiku. Nikaenda hoteli moja ya ufukweni, jina naliacha, nikaagiza sato mzima na ugali, hela ya maana kabisa, nikamwomba mhudumu kwa heshima aniwekee chaneli ya riadha akaweka. Tom Walsh wa New Zealand akaanza na 22.90 mtupo wa kwanza kabisa, rekodi ya mashindano ilikuwa 22.23 ya Werner Günthör tangu Roma 1987, yaani miaka 32 imekaa pale mtu anakuja kuivunja kwa sentimita 67 kabla hata jasho halijatoka. Nikajua leo ni leo. Tukafika mzunguko wa mwisho, Joe Kovacs hata kwenye medali hayumo, na pale pale meneja akapita akasema wateja wanataka muziki, wakabadilisha. Nikaenda kumsihi, akaniambia subiri kidogo. Hicho kidogo ndo Kovacs alirusha 22.91. Alafu Ryan Crouser akaja akarusha 22.90. Mtu wa kwanza na wa tatu wamepishana sentimita moja, upana wa ukucha wa kidole kidogo, na wa pili na wa tatu wamelingana kabisa mpaka ikabidi waangalie mtupo wa pili kwa ubora wa kila mmoja, Crouser akapewa fedha na Walsh shaba. Mbrazili Darlan Romani alirusha 22.53 akatoka mikono mitupu, na kwa 22.53 angekuwa bingwa wa mashindano yote ya dunia yaliyokuwa yamepita kabla ya siku ile. Fainali ya tufe kubwa kuliko zote mi matokeo yake nimeyasoma kwenye simu, samaki amepoa mbele yangu, spika zinapiga muziki. Ile kitu iliniuma mnoo na bado inaniuma.

Basi ndo nikawa naulizia mpaka mtu akanielekeza kwa huyu mama.

Banda lenyewe usitegemee makubwa. Ni mabati na mbao, mabenchi yamepangwa kama ya kanisani, chini ni udongo umemwagiwa maji asubuhi usitimke, ukutani tivii mbili, moja kubwa na nyingine ndogo ambayo ina mstari wa kijani pembeni kushoto unashuka juu mpaka chini. Kiingilio jero, mechi kubwa buku. Soda ipo, chai ipo, na mama mwenyewe anauza michembe na karanga za kukaanga kwenye vikaratasi, na mi nasema ile michembe ya pale ni ya kufuata hata kama hamna kitu kwenye tivii, imekauka vizuri haina mchanga, ukitafuna na karanga utamu wa kiazi unakuja polepole.

Nilifika saa nane na nusu, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamweleza kwamba saa tisa na kitu kuna tufe Tokyo, kule kwao ni usiku saa tatu na kitu maana wametutangulia masaa sita. Akaniuliza tufe ndo lile dude la chuma la shuleni? Nikamwambia ndo hilo. Akacheka kwa furaha akasema mdogo wake alikuwa anarusha. Sasa shida, saa hiyo hiyo Arsenal wanacheza na Nottingham Forest, na banda limejaa mashati mekundu mpaka mlangoni. Mpira uko kwenye tivii kubwa hilo sina neno, wenye wingi wapewe kikubwa, mi nikawekewa riadha kwenye ile ndogo yenye mstari. Ikaja dakika ya thelathini na kitu, Zubimendi wa Arsenal akafunga, vijana wa benchi la nyuma wakaanza oya mama weka mpira kote huku nyuma hatuoni, wakawa wengi, mmoja akainuka kabisa akaifuata rimoti.

Mama aliishika rimoti akaiweka mapajani akasema, "Huyu kaka amelipa jero kama nyie. Jero yake haina mguu mmoja." Basi. Hakupiga kelele wala hakumfukuza mtu, yule kijana akarudi akakaa. Kwa mtu niliyeachwa kwenye mataa Doha na bili ya sato, ile sentensi nitaikumbuka.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mbebaji wa pale Mwaloni, wote wanamwita babu, kaja kupumzika tu mpira haumhusu. Akawa anaangalia tivii ndogo na mimi, alafu akauliza mjukuu wangu hilo wanalorusha lina uzito gani? Nikamwambia kilo 7.26. Akanyamaza kidogo akasema kilo saba tu? Ye gunia la dagaa analibeba mgongoni kutwa nzima kutoka kwenye boti mpaka kwenye gari. Sikubishana naye, nikamwambia babu tulia tuangalie.

Nikawa namweleza huku inaendelea. Duara lile ndani ni mita 2.135 tu, jitu lina futi sita na nusu limo humo, na haliruhusiwi kukanyaga juu ya ule ubao mweupe wa mbele wala kutoka nje kwa upande wa mbele, akikosea kinainuliwa kibendera chekundu mtupo umekufa hata kama umefika nchi jirani. Tufe lazima litoke shingoni, mkono usirudi nyuma ya bega, ndo maana hili sio kutupa jiwe kama unafukuza mbuzi, hapa unalisukuma. Kila mmoja anapata mitupo mitatu, alafu wenye umbali mdogo wanaanza kupunguzwa. Babu akauliza mbona wanazunguka kama wamelewa, swali zuri sana hilo. Zamani walikuwa wanaanza wameupa mgongo uwanja wanateleza kwenda nyuma kwa mguu mmoja alafu wanageuka na kusukuma, Mmarekani Parry O'Brien ndo aliufanya ule mtindo ukatawala miaka ya 50. Miaka ya 70 wakaja kina Aleksandr Baryshnikov na Brian Oldfield na kuzunguka kama warusha kisahani, na leo karibu wakubwa wote wanazunguka, kwa sababu ukizunguka unapata njia ndefu zaidi ya kulipa tufe kasi ndani ya duara lile lile dogo. Ila ni hatari, ukichelewa nusu ya nusu sekunde tufe linaenda pembeni au mguu unapanda ubao. Babu akatikisa kichwa akasema kama kushuka kwenye boti na mzigo, ukikosea hatua moja umeingia majini. Kabisa babu, umeelewa kuliko watangazaji.

Crouser ndo nilikuwa namsubiri. Mwaka mzima hakushindana hata mara moja sababu ya kiwiko, ile fainali ndo ilikuwa siku yake ya kwanza kazini 2025, na kiwiko kwa mrusha tufe ni kila kitu, ndo pale nguvu yote ya miguu na kiuno inapopita mwisho kabla ya vidole. Watu walisema kaja kutalii. Mi nilikuwa nakumbuka Budapest 2023, alienda akiwa na damu iliyoganda kwenye mguu, wiki chache kabla hajui hata kama ataruhusiwa kupanda ndege, alafu akarusha 23.51, sentimita tano tu pungufu ya rekodi yake ya dunia ya 23.56 aliyoiweka Los Angeles mwezi Mei mwaka ule ule. Huyu mtu ukishasikia anaumwa ndo ukae vizuri.

Na hapa kuna kitu nilimwambia babu. Uwanja ule wa Tokyo Crouser aliwahi kushinda tena, Olimpiki iliyofanyika 2021, akarusha 23.30. Babu yake ndo alikuwa amemuanzisha kurusha tangu mdogo, na akafariki siku chache kabla ya yale mashindano. Aliposhinda Crouser akainua karatasi mbele ya kamera ameiandika kwa mkono, anamwambia babu yake tumeweza. Mzee wetu hakusema kitu. Aliacha kutafuna michembe akawa anaangalia tivii tu, na kuanzia hapo kila Crouser akiingia kwenye duara ananipiga kiwiko, huyo, huyo anaingia.

Sasa malalamiko, na hili sio la mama ni la chaneli. Mita 10,000 wanawake ilianza katikati ya tufe, na tangu ianze tufe likawa linaonyeshwa kwa vipande, wanakukatia mtu akiwa ameshainua mkono, mitupo mingine unaiona ya marudio bila kujua ni ya mzunguko gani, ubao wa matokeo unapita sekunde mbili umeondoka. Beatrice Chebet wa Kenya alishinda ile mbio na nilimshangilia kama dada yangu, hata mashati mekundu mizunguko ya mwisho waligeuza shingo kuangalia kitivii chetu, lakini hivi kweli mbio ya nusu saa na mizunguko 25 hamna nafasi ya kuonyesha mtupo wa sekunde mbili? Tufe ni mchezo ambao ukikosa sekunde mbili umekosa mchezo. Mama nilimwona anabonyeza kutafuta kama kuna chaneli nyingine inaonyesha tufe peke yake, hamna, akarudisha. Alijaribu.

Ila ule wa 22.34 niliuona mzima. Jitu la mita 2.01 limesimama nyuma ya duara, tufe shingoni, limetulia kama linasikiliza kitu, likainama likazunguka, mguu wa kulia ukatua katikati wa kushoto ukatua mbele, alafu ule mkono ukafunguka mpaka vidole vikabaki vimeelekea juu. Tufe kwenye ile tivii ni kidoti tu kinapita kwenye mstari wa kijani na kutokea upande wa pili. Nilisimama. Babu naye akasimama hajui kwa nini, akaniuliza limefika? Limefika babu. Hakuna aliyemfikia tena, Uziel Muñoz wa Mexico wa pili na 21.97, Leonardo Fabbri wa Italia wa tatu na 21.94, na Walsh yule yule wa Doha akakosa medali. Mnaijeria Chukwuebuka Enekwechi alikuwemo fainali akabeba Afrika yetu, na bado nasubiri siku ya medali yake. Kwa Crouser hiyo ni dunia mara tatu mfululizo, Eugene 2022, Budapest 2023, Tokyo 2025, juu ya Olimpiki tatu mfululizo, Rio, Tokyo na Paris, ambazo hakuna mwanaume mwingine wa tufe aliyewahi kuzifikisha.

Arsenal nao wakamaliza 3-0, banda likatoka lote na furaha yake. Ndo ikaja sehemu ambayo hamna hoteli yoyote ya mjini ingenipa.

Babu alikuwa bado na lake la kilo saba tu. Akasema twende kwenye mizani. Jirani na banda kuna mfanyabiashara wa dagaa ana mizani ya kuning'iniza ile ya mshale, tukamwomba, tukaokota mawe pale ufukweni, Mwanza mawe hatununui, la kwanza likaenda kilo tisa, la pili sita na nusu, la tatu tukalitia kwenye kipande cha salfeti mshale ukasimama saba na robo umezidi unywele. Hilo hapo. Nikawaambia tufe la kweli ni dogo kuliko hili sana, chuma ni kizito kuliko jiwe, lile linaenea kwenye kiganja kama chungwa kubwa, hili la kwetu ni kama papai. Likapita mkono kwa mkono, vijana wa Arsenal wote walilishika, kila mmoja akilipokea mkono unashuka kwanza alafu ndo anasema duh.

Nikachora duara kwa kijiti kwenye mchanga, nikapima mita mbili na kidogo, nikamwonyesha babu, hapa shingoni, kiwiko juu, usilitupe lisukume, anza na miguu. Mzee mwenye mabega ya kubeba magunia maisha yake yote, akavua kandambili, akaingia. Jiwe likaenda hatua sita zangu. Hatua zangu ni ndefu, karibu mita mita. Watu wakapiga makofi ya kweli kabisa maana waliokuwa wamejaribu kabla yake hawakufika tano. Alafu nikasema ngoja niwaonyeshe Tokyo. Nikaanza kuhesabu kutoka kwenye mstari, wote wananifuata, saba, nane, kumi, kumi na tano nimepita mtumbwi uliopinduliwa, kumi na tisa mchanga umeshakuwa wa maji, ishirini na mbili mguu mmoja uko ziwani maji yamefika kwenye kifundo. Nikageuka kuangalia nyuma duara letu lilipo. Babu alikuwa amebaki kule kule kwenye duara, mikono kiunoni, ananiangalia nilivyo mbali. Akapaza sauti, "Mpaka hapo?" Mpaka hapa babu. Na rekodi ya dunia ni hatua moja na zaidi mbele yangu, humo majini.

Kwa iyo kama unataka mahali pa kuangalia riadha Mwanza mi nasema nenda hapo, nyota nne kati ya tano. Ile moja naikata kwa sababu hizi. Mchana wa jua bati linakuwa oveni, feni ipo moja na inamwangalia mama. Sauti inatoka tivii ya mpira tu kwa iyo riadha unaangalia bubu, kama Kiingereza cha watangazaji unakitaka njoo na simu. Na hafungui usiku wa manane, hili liliniuma zaidi maana siku mbili baadaye, usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15, Alphonce Simbu alikimbia marathoni kule kule Tokyo akachukua dhahabu kwa 2:09:48, muda sawasawa na wa Mjerumani Amanal Petros, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, na mi nimeilia peke yangu chumbani kwenye simu nimejifunika shuka nisiamshe watu. Nilipomwambia mama asubuhi alisikitika sana, akasema ningemgongea tu mlango angefungua. Mama, mwaka 2027 ni Beijing, nitagonga.

Kwa wanaotaka kwenda, nendeni nusu saa kabla mkaseme mnataka nini, mwongee naye vizuri anasikiliza, na mlipe jero yenu hata kama mnaangalia kitivii kidogo. Lile jiwe mama hakutaka litupwe, liko pale mlangoni linazuia mlango usipigwe na upepo wa ziwa, mtu kaliandika 7.26 kwa mkaa. Jumapili iliyopita nilipita kununua michembe nikamkuta babu anarudi nalo kutoka ufukweni, kalikumbatia kwa mkono mmoja. Mwadila babu. Akaniitikia, akaniambia amefika hatua saba.